Tunachekwa kwa Shadda Tusiyofunzwa

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu Mashariki

Ndugu msomaji, najua umelifungua jarida hili la Chama cha Kiswahili ukitarajia mashairi, vitendawili, na pengine ule ubishi wetu wa kila mwaka kuhusu Sheng. Leo niwie radhi, kwa maana nataka kuzungumza habari za Kiingereza. Mhariri aliponiuliza, "Dada, umepotea jarida?" nilimwambia asome hadi mwisho kabla hajaitupa makala yangu. Ukiiona hapa basi ujue alisoma.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka jana nikiwa kidato cha pili nilichaguliwa kuiwakilisha shule katika mashindano ya kutoa hotuba kwa Kiingereza. Hotuba niliiandika mwenyewe na nikaihifadhi kwenye feri. Sisi tunaokaa Likoni na kusoma kisiwani tuna darasa letu pale majini, asubuhi na jioni, umesimama umebanwa baina ya mkokoteni wa mitungi ya maji na mama wa samaki, na huna la kufanya ila kunong'ona uliyoyaandika. Siku ilipowadia nilikuwa naijua hotuba ile kama jina langu. Ilihusu wanariadha wetu. Nilieleza vile David Rudisha alivyozikimbia mita 800 huko London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akawa binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 1 na sekunde 41. Mbio hizo nikaziita "record-breaking". Mazoezi ya mwanariadha nikayaita "time-consuming", na kuumia wiki moja kabla ya mashindano nikakuita "heartbreaking". Maneno hayo niliyateua makusudi. Mwalimu alikuwa ametuambia kuwa vivumishi virefu vya kuunganishwa huipa hotuba uzito.

Basi nilipotamka lile la kwanza tu, wasichana fulani waliokaa safu ya mbele wakaangua kicheko. Nikadhani labda tai yangu imekaa vibaya. Nikaendelea. Nikafika "heartbreaking", wakacheka tena, na safari hii hata wavulana wa nyuma wakajiunga. Kumbe nilikuwa nimesema "re-KO-di BRE-king" na "hati BRE-king", nikiipiga silabi ya pili kutoka mwisho kama ninayetwanga kisamvu. Matokeo yaliposomwa, mwamuzi alisema maudhui ni mazuri na sauti ni nzuri, ila nimeathiriwa na lugha ya mama. Nikawa wa nne. Waliosonga mbele walikuwa watatu.

Lugha ya mama yangu ni Kiswahili, na mama mwenyewe hakuwa ukumbini kujitetea.

Nimelifikiria jambo hili mwaka mzima, na maoni yangu ni kwamba mwamuzi yule alitaja ugonjwa bila kuandika dawa. Kusema "lugha ya mama" si kumsahihisha mtu. Ni sawa na kumwambia mgonjwa, "Wewe una joto," kisha ukaondoka. Angeniambia hivi: "Binti, katika neno hili Kiingereza hukazia silabi ya kwanza, nawe umekazia ya tatu, kwa sababu lugha yako ina sheria nyingine." Sentensi moja tu! Ningerudi nyumbani nimejua kitu.

Kwani sheria yetu ni ipi? Kila aliyepita kidato cha kwanza anaijua. Shadda ya Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ki-TA-bu. Mo-MBA-sa. Neno likirefuka, shadda nayo husogea ikiufuata mwisho wa neno: PI-ka, pi-KI-a, pi-ki-A-na. Maneno yanayokaidi ni machache, nayo tunayafahamu. Ukisema "ba-ra-BA-ra" tunaelewa ni njia ya magari, na ukisema "ba-RA-ba-ra" tunaelewa mambo ni sawasawa kabisa. Kwa hivyo asije mtu akatuambia kuwa sisi Waswahili hatujui shadda ni kitu gani. Tunaijua, na tunajua kuwa inaweza kubadilisha maana. Tunachokosa ni kuambiwa kuwa Kiingereza hakina kiti kimoja ambacho shadda hukalia siku zote. Neno "photograph" lina shadda mwanzoni, PHO. Ukisema "photographer" imehamia TO. Ukisema "photographic" imeruka hadi GRAPH. Mtoto aliyezaliwa na sheria moja iliyonyooka kama reli atajuaje hayo asipoambiwa?

Jioni ya siku ile nilimsimulia bibi yangu. Bibi hakusoma Kiingereza hata siku moja, lakini mashairi anayajua, na akisikiliza shairi redioni vidole vyake huhesabu mizani peke yake, minane huku, minane kule, kama walivyofanya watu wa Mvita tangu enzi za Muyaka bin Haji. Alinitaka nilitamke lile neno lililonitia aibu. Nikalitamka. Akanyamaza, akanitaka nilirudie, akahesabu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na hilo neno refu hivyo kichwa chake kiko wapi?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lile ndilo lililonianzishia kazi.

Nilianza na kuhesabu silabi, maana bila silabi huwezi kuitafuta shadda. Hapo ndipo nilipogundua kuwa kosa letu la kwanza hata si shadda, ni irabu za ziada. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu. Kiingereza hakijali. Neno "strengths" lina herufi 9 na silabi moja tu! Midomo yetu hulihurumia, ikaliongezea irabu huku na kule hadi likawa na mizani mitano, si-tre-ngi-thi-si. Vivyo hivyo "old-fashioned" ina silabi tatu, old-fash-ioned, lakini nimewahi kuisikia darasani ikiwa na sita, ol-di-fa-she-ne-di. Ukishaongeza silabi tatu za bure, shadda itaangukia wapi kama si mahali pasipo pake? Na wala tusiseme ati ulimi wetu hauwezi konsonanti bila irabu. Tunasema "lab-da", tunasema "daf-ta-ri", tunasema "mak-ta-ba", na hakuna anayesema "makitaba" ila mtoto mchanga.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, ambaye namshukuru kwa sababu hakunicheka, alinionyesha jambo dogo lililonifungua macho. Vivumishi vingi vya namna hii huishia kwa -ed. Hiyo -ed huwa silabi kamili ikiwa sauti inayotangulia ni t au d. Basi "short-sighted" ina silabi tatu na "absent-minded" ina nne. Sauti ikiwa nyingine, -ed humezwa. Kwa hivyo "bad-tempered" ni tatu, bad-tem-pered, wala si nne. Kuna machache ya kuudhi, kama "aged". Ndani ya "middle-aged" ni silabi moja, lakini ukimwita mzee "an aged man" inakuwa mbili. Nilipomuuliza kwa nini, mwalimu alicheka akasema Waingereza wenyewe waulizwe.

Sasa nije kwenye kichwa cha neno, yaani shadda yenyewe. Hapa nataka kusema jambo ambalo sikulisoma popote. Nililipata kwenye feri kwa kutafsiri. Kiswahili hakina mazoea ya kubana maneno mawili kwa kistari na kuyafanya kivumishi kimoja. Sisi husema kwa kirefu, "mwenye" fulani, "wa" fulani, "inayo" fanya fulani. Kiingereza huichukua sentensi nzima na kuibana kama abiria wa matatu. Basi nikajiambia, hebu nizifungue hizi nilizozibeba, nione ndani mna Kiswahili gani.

"Record-breaking" ukiifungua ni mbio "zinazovunja rekodi". "Time-consuming" ni kazi "inayokula wakati". "Heartbreaking" ni habari "zinazovunja moyo". "Mouth-watering" ni chakula "kinachotia mdomo mate". Umeona? Katika zote, neno la kwanza ndilo linalofanyiwa kitendo. Ndilo linalovunjwa, linaloliwa, linalotiwa mate. Na katika zote shadda kuu hukaa kwenye neno hilo la kwanza: RE-cord-breaking, TIME-consuming, HEART-breaking, MOUTH-watering. Tena kwenye "record" angalia vizuri. Rekodi ni nomino, na nomino hiyo hukaziwa mwanzo, RE-cord. Kitenzi ndicho hukaziwa mwisho, re-CORD. Mimi nilikosa yote mawili kwa mpigo mmoja.

Upande wa pili kuna kundi la "mwenye". "Bad-tempered" ni mtu "mwenye hasira mbaya". "Left-handed" ni "mwenye kutumia mkono wa kushoto". "Absent-minded" ni "mwenye mawazo yasiyokuwapo". "Kind-hearted" ni "mwenye moyo mwema". Hapa shadda kuu hukaa kwenye neno la pili, bad-TEM-pered, left-HAND-ed, absent-MIND-ed, kind-HEART-ed. Sasa tazama ajabu ya Mola. Hesabu silabi kutoka mwisho uniambie TEM ni ya ngapi. Ni ya pili kutoka mwisho! Na HAND vilevile, na MIND, na HEART. Yaani katika kundi hili sheria ya bibi yangu na sheria ya Mwingereza zinakutana njiani zikasalimiana. Mswahili akisema "absent-MIND-ed" kwa mazoea yake mwenyewe amepatia, na hakuna atakayemcheka. Kwa hivyo si kweli hata kidogo kwamba lugha ya mama huharibu kila kitu. Mara nyingine inasaidia, ila siku hiyo hakuna mwamuzi anayeandika kuwa umesaidiwa na lugha ya mama.

Kuna wenye -ing ambao hawamo katika kundi la "inayokula". "Hard-working" ni anayefanya kazi kwa bidii, na bidii hiyo haifanyiwi kitu, ni namna tu ya kufanya. Shadda basi inakwenda WORK. "Good-looking" vilevile, LOOK. Usikimbilie -ing ukadhani zote ni ndugu. Jiulize kwanza nani anafanyiwa nini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko hapa hapa kwetu. Mwaka 1898, wakati reli iliyoanzia Mombasa ilipofika mto Tsavo, simba wawili waliwaua wajenzi wa daraja hadi kazi ikasimama. Patterson, msimamizi wa daraja, aliwaua simba hao Desemba mwaka huo huo, na leo wako Chicago, kwenye jumba la makumbusho la Field, wamesimamishwa kama walio hai. Kiingereza huwaita "man-eating lions". Ni simba "wanaokula watu", kwa hiyo shadda iko MAN. Sasa ondoa kistari, achanisha maneno, ukazie lile la mwisho, "a man eating LION", uone umesema nini. Umesema kuna mtu anakula simba! Nilipolieleza hili darasani hata wale wa dawati la nyuma waliamka. Kistari kile tunachokidharau tunapoandika insha kimebeba roho za watu.

Kuna jambo jingine, na hili lilinichosha kichwa kwa siku tatu. Nilipofikiri nimemaliza, niliwasikia watangazaji wa redio wakisema "a BAD-tempered" fulani, wakikazia BAD. Nikadhani nimejidanganya. Kumbe mahali pa kivumishi katika sentensi pana maneno yake. Kikikaa mwisho, "the goat is bad-TEM-pered", shadda iko pale pale tulipoiweka. Kikitangulia nomino, "a BAD-tempered GOAT", ule mkazo hurudi nyuma, kwa sababu Kiingereza hakipendi mikazo miwili mizito isongamane. Kama umewahi kuwaona watu wa feri wakiliashiria lori lirudi nyuma kidogo ili chombo kisielemee upande mmoja, umeelewa. Hata tarakimu hufanya hivyo. Mimi nikiulizwa umri nasema "I am six-TEEN". Lakini gazeti likiniandika, nitakuwa "a SIX-teen-year-old GIRL". Na tafadhali, ni "year" bila s. Hilo la s tunalikosa sana kwa sababu tunafikiria "miaka" tukiandika.

Yale marefu kupita kiasi, yaliyo sentensi nzima iliyofungwa kwa vistari, hayana ugumu kama yanavyoonekana. Shadda huenda kwenye neno zito la mwisho, happy-go-LUCK-y, down-to-EARTH, once-in-a-LIFE-time. "Never-to-be-forgotten" ina silabi saba, imebakisha moja tu itimie kipande cha shairi, na kichwa chake kiko GOT. Bibi alipohesabu hilo alisema linafaa kuimbwa.

Sasa nimekusumbua na hizi silabi zote kwa nini? Kwa sababu mbili, na ya kwanza ni mtihani. Sisi ndio tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, na mfumo wa 8-4-4 unafungwa nyuma yetu. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE ina alama 60, na nusu yake, alama 30, ni za stadi za kusema na kusikiliza. Lakini zinajibiwa kwa kalamu! Tunaulizwa shadda iko wapi, tunachora mstari chini ya silabi, tunakabidhi karatasi. Mwanafunzi anaweza kupata 30 zote bila kufungua mdomo, na mwingine anayesema vizuri akapata 12. Matokeo yake walimu hawana haja ya kutusikiliza, nasi hatuna haja ya kusema. Tunakariri orodha. Mtihani ukiisha orodha inasahaulika, ulimi unabaki ulivyokuwa.

Sababu ya pili ni ile ya kucheka. Nikiwa shule ya msingi, siku nne za wiki ilikuwa marufuku kusema Kiswahili. Aliyenaswa alivishwa kibao shingoni na kukaa nacho hadi amnase mwenziwe. Mimi nilikivaa kwa kosa la kusema, "Niazime raba." Nilikivaa mchana kutwa kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kusema lolote. Hebu fikiria, darasa la watoto arobaini wamekaa kimya, kila mmoja akimvizia jirani yake. Kiingereza hakikufunzwa siku ile. Kilichofunzwa ni kunyamaza. Kisha tunafika sekondari tunaambiwa ati hatuna ujasiri wa kuzungumza, na tukizungumza tunachekwa kwa shadda ambayo hatukuwahi kuisikia mtu akiitaja.

Jirani yangu wa dawati ana maoni tofauti, na ni haki niyaeleze. Yeye anasema lafudhi ni lafudhi, Mkenya ni Mkenya, na mradi tunaelewana haja gani ya kuhangaika na TEM na HAND? Anasema ninataka kuwa Mzungu. La hasha! Sitaki kusikika kama mtu wa London, na nikisikika hivyo bibi hatanifungulia mlango. Waingereza wenyewe hawakubaliani. Neno "controversy" kuna wanaosema CON na wanaosema TRO, na nchi haijapasuka. Ninachotaka ni kwamba nikiamua kuvunja sheria niwe ninaijua. Mtu aliyekosea kwa kutojua na aliyechagua hawafanani, hata kama masikio yanasikia kitu kimoja. Halafu, kusema kweli, jirani yangu huyu ni wa kwanza kucheka mtu wa bara akisema "ng'ombe" vibaya. Nimemwambia.

Kwa hivyo naomba mambo machache, nayo hayahitaji pesa. Waamuzi wa mashindano waache kuandika "lugha ya mama" na kuondoka. Waandike neno lenyewe na silabi yenyewe. Walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili wakae meza moja angalau mara moja kwa muhula, kwa maana silabi wanayoifunza ni ile ile. Na sisi wanafunzi tujifunze kuisoma kamusi. Katika kamusi za Kiingereza kuna kijistari kidogo sana kilichosimama juu, kabla ya silabi yenye shadda. Nilikuwa nimeipekua kamusi ya maktaba kwa miaka miwili nikidhani ni uchafu wa wino. Niliwauliza wenzangu kumi na wawili darasani, na waliojua maana yake walikuwa wawili. Jibu tulilokuwa tukilitafuta lilikuwa limechapishwa mbele ya macho yetu, na hakuna aliyetuambia, "Kijana, kile ndicho kichwa cha neno."

Mwaka huu sikuchaguliwa kutoa hotuba. Amechaguliwa msichana mwingine ambaye naye anatoka Likoni. Hotuba yake inahusu vyakula vya Pwani, na tumekuwa tukiifanyia mazoezi kwenye feri, yeye akisema "MOUTH-watering" na mimi nikihesabu kwa vidole. Juzi mama mmoja wa samaki alituuliza tunaomba dua gani. Tulipomweleza akajaribu kulitamka, akalipatia mara ya kwanza, akatuambia tuinunue basi hiyo samaki inayotia mdomo mate.

Mwenyekiti wa chama amekubali tukutane na wenzetu wa chama cha Kiingereza kila Ijumaa baada ya michezo, katika darasa la Tatu Mashariki. Njoo na neno moja refu na kamusi ikiwa unayo. Hakuna kucheka, na atakayecheka atatamka yeye. Tutaanza na "homesick". Nimelifungua kwa Kiswahili nikapata "mwenye hamu ya nyumbani". Kwa kipimo changu shadda ingekaa SICK, lakini kamusi imekiweka kijistari mbele ya HOME. Siku ya tisa leo nalitazama.